Baba Hajala Tangu Asubuhi

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa shangazi. Ndiye anayepika nyumbani kwetu Kadutu, ndiye mwenye mkono mzito wa mafuta, na ndiye aliyekuwa akinung'unika tangu daktari alipompangia baba rejimu: bugali kidogo ukubwa wa ngumi, mboga za majani za lengalenga kwa wingi, hakuna sukari, hakuna cha kukaanga. Baba ana ugonjwa wa sukari. Wakati huo alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, kilichoanza na kiatu cha Jumapili kinachobana, kikakataa kupona. Daktari alituambia waziwazi, baba akisikia, kwamba sukari isiposhuka kidole kitakatwa, na kwamba wakishaanza kukata hawajui wataishia wapi.

Sukari haikushuka. Kila tulipokwenda kupima, muuguzi aliitazama namba kwenye kimashine chake, kisha akanitazama mimi, utadhani ndimi ninayemlisha baba keki kwa siri. Nilipata aibu, aibu ikageuka hasira, na hasira yangu haikai hivi hivi bila kutafuta mtu wa kumwangukia.

Shangazi alikuwa na sababu zake. Kwetu mzee akikonda, majirani hawaulizi daktari amesema nini. Wanauliza watoto wake wana roho gani.

"Batu batasema tuko tunamunyima," aliniambia siku moja akipepea mbabula, jiko letu la makaa. "Muzee muzima, iko na mutoto wa bureau, anakula majani sawa sungura. Ni haya!"

"Tantine, kama niko ku kazi, unamupatiaka kitu?"

"Miye? Niue kaka yangu?"

Alijibu haraka mno, na mimi huwashuku watu wanaojibu haraka. Wanaojibu polepole pia huwashuku, kusema kweli. Kesho yake nikatia kufuli kabati ya sukari na mafuta, nikaenda ofisini na ufunguo ndani ya sidiria. Juma zima shangazi alichemsha lengalenga kwa maji na chumvi, akaipakua kwa kishindo. Tukaenda kupima. Namba ilikuwa ile ile.

Basi, nikamgeukia mgonjwa mwenyewe.

Kila jioni baba alitoka kutembea, kwa sababu hiyo nayo ilikuwa amri ya daktari. Alirudi anachechemea kidogo, ametulia, midomo ameifuta. Nikajiuliza, mtu ambaye hajala anafuta nini? Alipokwenda kunawa nilichukua koti lake nikalinusa kola na mikono, kama mke mwenye wivu. Lilinuka mafuta ya kukaangia.

"Papa, umekula fasi fulani?"

"Sijakula kitu tangu asubui, mama. Mungu ananiona."

Baba huniita mama, kama wazee wengi wa hapa wanavyowaita binti zao, na jina la Mungu halichezei. Alinitazama kwa macho meupe kabisa, hata nikaanza kuishuku pua yangu.

Siku moja niliomba ruhusa ofisini mapema, nikajifunga kitambaa kichwani kwa namna nisiyozoea, nikasubiri kando ya duka la dawa. Baba akapita. Nikamfuata kwa mbali ule mteremko wote. Kwenye kona kuna maman anayekaanga mandazi. Baba alikuwa amesimama na rafiki yake mmoja wanabishana mambo ya mpira, karai iko mgongoni kwake wala haitazami. Upepo ukageuka. Nikaona shingo ya baba inageuka, halafu miguu, halafu mkono unashuka kwenye beseni na kutoka na andazi, na muda wote huo mdomo wake bado unamlaumu kipa. Yule maman hakushangaa hata kidogo. Alimpa karatasi ya kufutia vidole.

Chini zaidi walikuwa wanakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, na mlio wa mafuta ulisikika kabla ya kuwaona. "Onja, muzee," wakamwita. Akaonja mmoja. Kisha akaonja kiganja kizima. Mbele yake kulikuwa na mahindi ya kuchoma.

Kilichonichanganya ni kwamba hakujificha. Mwizi hutazama nyuma. Baba hakutazama nyuma hata mara moja, na angetazama angeniona, maana kile kitambaa kilikuwa cha njano.

Nikamfikia. "Papa! Ni nini hii?"

"Nini?" Akautazama mkono wake kama anaonyeshwa mkono wa mtu mwingine.

"Ulisema haukule!"

"Sikukula. Ile ni kuonja tu, mama. Umeona bugali fasi hapa?"

Wauzaji wakacheka, tena wakacheka upande wake. Hapo nikaelewa. Kwetu mtu anaweza kushinda na mkate, chai, ndizi na karanga, jioni akakuambia kwa moyo safi kwamba hajala, kwa sababu bugali haijafika mezani. Mimi mwenyewe husema hivyo. Baba alikuwa ameikata bugali kwa uaminifu wote, karibu aiache kabisa, akahesabu kwamba rejimu imetimia.

Hata hivyo sikuamini kwamba ni hilo tu. Niliona huenda mzee ni mjanja kuliko ninavyomjua. Jumamosi nikamchukua njia ile ile asubuhi na mapema, kabla moto haujawashwa. Makarai yalikuwa yamefunikwa kifudifudi. Baba akapita akinisimulia habari za kwaya, na mimi nangoja ataje andazi. Hakutaja. Njia nzima ilikuwa kwake njia tu. Tukaipita tena jioni, ametoka kula, ameshiba, na kwenye kona, harufu ilipomfikia, shingo ikageuka. Hilo liliniogopesha kuliko uongo. Uongo ningeweza kugombana nao.

Nikamsihi atembee asubuhi peke yake. Akakubali, lakini jioni nako akatoka, eti kusalimia watu.

"Unanichunga sawa mbuzi," alisema.

Hazikupita siku nyingi kidole kikaingia weusi pembeni. Akalazwa. Daktari alikisafisha kidonda, akasema atangoja kidogo aone kama kidole kitaishi, asipoona uhai atakata.

Hospitalini kwetu ndugu wa wagonjwa hupikia uani, na uani ni chini ya madirisha ya wodi. Jioni ya kwanza nilikuwa nimeketi kando ya kitanda nikimenya tango nililomletea, mara mafuta yakalia huko chini na harufu ya sambaza ikapanda. Nilimkazia macho baba. Shingo ikageuka. Nikatayarisha maneno makali.

"Mama, funga dirisha," akasema.

Sikuinuka mara moja.

"Siko na njaa," aliendelea kwa sauti ndogo, na alikuwa na haya. "Lakini ile harufu ikiingia, mukono inaenda yenyewe. Siuamini tena. Funga."

Nikalifunga. Komeo lilikuwa limekufa, dirisha likafunguka tena taratibu. Nikalirudisha, nikamwambia naenda kununua bandeji. Uongo mtupu. Nilivua viatu kwenye korido, nikahesabu pumzi zangu, nikarudi kwa kuvizia, kwa sababu shuku yangu haiondoki kwa maneno mazuri. Nilitarajia kumkuta amening'inia nje anaita watu wa chini.

Nilichungulia mlangoni. Baba alikuwa amejikokota mpaka mwisho wa kitanda, mguu wenye bandeji ameuinua juu, mikono yote miwili imebana dirisha. Uso ameugeuzia ukutani, jasho linamtiririka kwa joto la wodi, na mgonjwa wa jirani anamlalamikia kwamba anawakosesha hewa. Chini mafuta yalikuwa bado yanalia.

Nikaingia miguu mitupu, nikaweka mikono yangu kwenye kioo kando ya yake.