Ndoo Aliyoimwaga Mkunya

Saa nane mchana, Lisekese, mjini Masasi. Jua limewasha mabati, kuku wamejificha chini ya uchaga, na Somoe Nurdini anapiga hodi nyumba ya kumi na saba tangu asubuhi. Mkono mmoja ameshika mche wa sabuni, wa pili daftari. Hatua tano nyuma yake amesimama mwalimu wake, Godwin, aliyekuja kutoka Dar es Salaam na tai ambayo joto la Masasi bado halijamshawishi aivue.

"Dakika tatu, dada," anamkumbusha, macho kwenye saa. "Zikipita, utakaribishwa chai."

"Kwani chai ina ubaya gani, mwalimu?"

"Chai hainunui sabuni."

Somoe, miaka thelathini na minne, yuko wiki ya saba katika mafunzo ya wiki nane ya umeneja wa mauzo, yanayoendeshwa na kampuni moja ya sabuni. Asubuhi darasani, mchana milangoni, jioni darasani tena kueleza kwa nini mlango fulani ulifungwa. Walianza kumi na wanne, wamebaki sita. Mmoja alitoroka siku ya pili, akaacha hata viatu.

Wanaomfahamu Somoe hucheka wakisikia anafundishwa kuuza. Miaka tisa alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la ushirika kijijini kwao Mkunya, Newala, enzi ambazo sabuni ilitafutwa kama dawa.

"Mtu ananiamkia, anamuulizia mama, anamuulizia mtoto, ndipo anauliza sabuni. Namjibu hakuna," anasema. "Waliniita Mama Hakuna. Sasa biashara ni huria, sabuni zimejaa hadi kwenye mikokoteni, na anayeamkia watu ni mimi."

Duka lilifungwa mwaka 1993. Mumewe akaenda Mtwara kutafuta kazi. "Huu mwaka wa tatu, bado anaitafuta," anasema, na anacheka peke yake.

Binti yao, Shakila, ana miaka saba na analelewa na bibi yake Mkunya. Kwa posho ya mwezi ya shilingi elfu ishirini na nane, Somoe anamudu kupanda Land Rover ya Newala mara moja tu kwa mwezi.

"Safari iliyopita alinitolea kiti," anasema. Anaugeuza mche wa sabuni mkononi. "Akakipangusa vumbi kwanza. Mtoto wangu, ananikaribisha kama mgeni."

Ndiyo maana anataka kitu kimoja: kituo cha Newala. Kampuni inafungua ghala huko msimu huu wa korosho na inahitaji mkuu mmoja. Somoe akifeli jaribio la mwisho, atapelekwa Tunduru kuwa msaidizi.

Jaribio ni kuuza miche sitini kijiji kimoja, siku moja. Kura ilimpa Mkunya. Nani angemshinda kijijini kwao?

Wiki iliyopita alisimama uani kwa Bi Sikudhani, wanawake wamemzunguka. Hatua ya nne ya kitabu cha mafunzo inasema onyesha povu. Akaazima ndoo ya maji, akafikicha shati, povu likapanda, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha, kama alivyozoezwa mara arobaini kando ya bomba la Masasi, akaimwaga ndoo nzima chini na kuomba maji mengine ya kusuuzia.

Vigelegele vikakatika. Ni Oktoba, mvua bado. Maji ya Mkunya hufuatwa bondeni, chini ya mteremko, na hurudi kichwani. Yakishafua nguo hudeki, yakishadeki hupewa mpapai.

"Wewe si mtoto wa Nurdini?" aliuliza Bi Sikudhani. "Kwenu mlikuwa mnateka bonde lipi?"

Aliuza miche minne.

"Kitabu kimeandikwa na mtu mwenye bomba, simlaumu," anasema Somoe. "Lakini mimi nimebeba maji tangu nina miaka sita. Nilisahau vipi?"

Godwin amempa nafasi ya pili, Jumamosi hii. Tayari Somoe ameazima madumu mawili ya kujaza maji Masasi, na mwanafunzi mwenzake, Swalehe, hamwachi apumue: "Mama Shakila, umeacha sabuni unauza maji?"

"Siuzi. Nayarudisha."

Atayafikisha kwanza kwa Bi Sikudhani, aamkie, akae, anywe atakachopewa. Baada ya hapo atawafuata wanawake waliokwishaloweka nguo, aonyeshe povu kwenye maji yao wenyewe. Godwin ameonya kwamba saa itaanza kuhesabu saa tatu kamili, hata kama bado amekaa mkekani.

"Ianze tu," anasema Somoe.

Siku ile ya kufeli, kabla ya gari kuondoka, alikwenda kuchungulia ghala jipya karibu na stendi ya Newala. Mbele patajaa katoni. Nyuma kuna chumba kidogo, na alikipima kwa hatua.

"Kitanda kinaingia," anasema. "Kikikaa upande wa ukuta, dirisha halizibwi. Shakila hapendi giza."