Kichwani pa Mkwe Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa wala dawa. Nilinawa mikono tu. Mnyapara wa hospitali alinisimamisha mbele ya beseni, akanimiminia maji kwa kata, akanipa sabuni na brashi ngumu, akasema, "Sugua." Nikasugua. Akayamwaga maji yale mchangani, akanimiminia mengine. "Sugua tena." Mara ya tatu machozi yalinilengalenga, na sababu haikuwa brashi. Mimi ni Mgogo. Mama yangu aliamka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa korongo, akangoja maji yajikusanye kidogo kidogo, na mtungi mmoja tuliutumia nyumba nzima kutwa. Hapa mtu alimwaga mtungi mzima kwa ajili ya vidole vyangu kumi.

Mnyapara aliniona. "Unayaonea uchungu maji," akasema. "Vizuri. Kila unaponawa kumbuka kuna mwanamke aliyeyabeba kichwani. Usinawe kwa mchezo."

Ninyi vijana mnaosoma haya mna bomba ukutani na glavu za mpira, na bado nasikia mnalalamika. Sawa, lalamikeni. Mimi nataka kuwaeleza jinsi kazi hii ilivyofanywa Dodoma wakati wa Mdachi, reli ilipokuwa bado mpya na mji wenyewe ukiwa boma, stesheni, maduka machache ya Wahindi na vumbi.

Hospitali yetu ilikuwa nyumba ndefu ya mawe yenye bati. Juu kabisa alikuwapo Bwana Mganga, ndivyo tulivyomwita daktari wa Kijerumani, mtu mrefu asiyecheka. Chini yake alikuwapo Sajini wa Dawa, askari wa Kizungu aliyeshika funguo za stoo na aliyeamini kwamba kila jambo duniani hufanyika vizuri zaidi likipigiwa kelele. Kisha Mnyapara, yaani msimamizi wetu, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu wa sala tano, mwembamba, aliyejifunza kazi katika hospitali ya pwani. Chini ya Mnyapara nilikuwapo mimi, kijana niliyesoma kidogo kwa wamisheni, pamoja na wafagiaji wawili.

Kazi zilikuwa nyingi. Tulichemsha visu na mikasi, tukagawa kwinini kwa wenye homa, tukatoa funza, tukaosha madonda ndugu ya vibarua wa reli, yale yanayokula nyama ya mguu mpaka mfupa uonekane. Tulifunga pia migongo ya watu waliochapwa viboko bomani. Sitaficha hilo. Asubuhi serikali ilipiga, mchana serikali ileile ilifunga vidonda, na mikono iliyofunga ilikuwa yetu. Mara ya kwanza nilimwuliza mzee mmoja amekosa nini. Mnyapara alinivuta nje kwa sikio, mimi mtu mzima na ndevu zangu mbili. "Alikokosea ni bomani," aliniambia. "Humu ndani ana mgongo unaouma, basi."

Nilistaajabishwa na mengi mle ndani, lakini zaidi na mtu huyu. Hakumgusa mgonjwa kabla ya kumwamkia. Kwa Wagogo alisema "Mbukwenyi" kwa lafudhi yake ya Kirangi iliyowachekesha hata wenye maumivu. Mzee akilala chini, Mnyapara alichuchumaa kwanza, kichwa chake kisiwe juu ya kichwa cha mzee, ndipo aseme, "Baba, naomba mguu wako. Maji yana moto kidogo." Sajini alimcheka. "Mnyapara, wewe amkia mtu moja, mimi funga bandeji tatu!" Mnyapara alijibu, "Ndiyo, Bwana Sajini," akaendelea kuchuchumaa. Ila wagonjwa wa Sajini walitoroka na bandeji zao, na wa Mnyapara walirudi kubadilishiwa.

Mwaka wangu wa pili Mnyapara alianza kunifundisha klorofomu. Hiyo ni dawa ya usingizi. Mgonjwa huwekewa puani na mdomoni kikapu kidogo cha waya kilichofunikwa shashi, nawe unadondosha dawa juu ya shashi, tone baada ya tone. Matone machache mno, mgonjwa anaruka chini ya kisu. Matone mengi mno, hataamka. Kwanza unamwambia ahesabu. Hesabu ikichanganyika, huanza kuweweseka, anasema asiyoyajua, kisha analala. Halafu unashika taya lake lisianguke nyuma, unasikiliza pumzi, unafunua kope kuangalia mboni. "Bwana Mganga anakiangalia kidonda," Mnyapara alisema. "Wewe unakaa kichwani unamwangalia mtu." Nilikaa kichwani pa watu kumi na mmoja yeye akiwa ubavuni mwangu. Kila walipoamka nilitaka kupiga magoti.

Wakati huo nilikuwa nimeoa. Mke wangu Matika alitoka Ipagala, ambako siku hizo kulikuwa na mashamba ya mtama na matembe ya watu wachache, na alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yake alikuwa mkwe wangu, na hapo lazima nieleze kidogo, maana nasikia siku hizi vijana wanakula sahani moja na wakwe. Kwetu mwanamume hakumtazama mama mkwe usoni. Hakula mbele yake wala kutamka jina lake. Wakikutana njiani, kila mmoja aliacha njia na kugeuza uso. Hatukuwa tunachukiana, hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe, na aliyeivunja alisemekana kuwaletea watoto wake balaa.

Asubuhi moja walikuja watu wamebeba machela. Nilimtambua kwanza baba mkwe akitembea mbele, nikageuka ukutani kabla sijaona aliyelala. Mama mkwe alikuwa na ngiri ya kinenani. Utumbo ulikuwa umepenya na kunaswa tangu jana yake, tumbo limevimba, anatapika. Bwana Mganga alimpima, akasema maneno machache kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Kata leo, pona labda. Kata kesho, kufa."

Akauliza Mnyapara yuko wapi. Mnyapara alikuwa kitandani kwake siku ya tatu, homa imemlaza. Bwana Mganga akanitazama. "Basi wewe. Klorofomu."

Nikasema siwezi. Nikasema huyu ni mkwe wangu.

"Nini mkwe!" Sajini akafoka. "Kazi kwanza, mkwe baadaye! Hapana taka kazi, vua kanzu!"

Kanzu nyeupe ya hospitali niliipenda kuliko nguo zote nilizowahi kuvaa, na mkono wangu ulikwenda kwenye kifungo. Ningeivua. Nilimwona mtoto wangu tumboni mwa Matika, nikaona nyuso za ndugu zake wote wakijua kwamba nimemfunua kope mama yao na kumshika taya. Bwana Mganga hakufoka. Alitoa saa mfukoni, akaitazama, akasema, "Mimi ngoja kidogo," akaenda kunawa.

Nilikimbia kwa Mnyapara. Alikuwa amejifunika blanketi mbili, meno yanagongana. Nilimweleza.

"Sisi Warangi nasi tuna wakwe," akasema. "Mwaka wote humtazami, kwa nini?"

"Ili nisimvunjie heshima."

"Na leo usipomtazama?"

Alijiinua kwa kiwiko.

"Umeshamwuliza mwenyewe?" akasema. "Mmesimama pale Wazungu wawili na Mgogo mmoja mnagombania mtu ambaye akili anazo na ulimi anao. Nenda kamwombe. Akikataa, ni haki yake. Ila aambiwe yote, na kufa aambiwe."

Sikuweza kusema naye moja kwa moja. Nilisimama mlangoni, mgongo wangu ukiielekea machela, nikasema na baba mkwe kwa sauti ya kumfikia mkewe. Nilieleza kila kitu: nitakaa kichwani, nitamshika taya, nitamfunua macho, nitamwita jina, na pengine hataamka. Baba mkwe alimwinamia mkewe. Sauti ilitoka kwenye machela, dhaifu, lakini ya mwanamke aliyezoea kusikilizwa.

"Mwambie mume wa Matika," alimwambia mumewe, kana kwamba mimi niko ng'ambo ya mlima, "mimi nitajifunika macho yangu. Sehemu yangu ya heshima nitaishika mwenyewe. Yeye ashike kazi yake."

Nikaenda kunawa. Nilisugua mara tatu.

Alipolazwa mezani alikuwa amejivutia upindo wa nguo juu ya macho. Nilikaa kichwani. Nilimwekea kikapu puani nikamwambia ahesabu. Alihesabu kwa Kigogo, taratibu, mpaka hesabu ikavurugika. Kisha akaanza kusema.

Katika chumba kile aliyejua Kigogo nilikuwa mimi peke yangu. Alisema kwa dakika chache tu, kwa sauti ya msichana, maneno ya mtu aliyeyafungia kifuani miaka mingi. Bwana Mganga, kisu mkononi, akauliza, "Nini sema?"

"Si habari ya ugonjwa, Bwana Mganga."

Alinitazama juu ya kitambaa cha uso. Mtu yule angeweza kuniamuru, kwa kuwa wakati ule neno la Mdachi lilikuwa sheria. Akainamisha kichwa mara moja, hakuuliza tena, siku ile wala nyingine.

Mama mkwe alipolala nikaondoa ule upindo. Ndivyo nilivyoona uso wake kwa mara ya kwanza. Nilifunua kope. Macho ya Matika yalikuwa pale, rangi ileile, na nilipata hofu ambayo sijaipata hata mbele ya bunduki za vita. Bwana Mganga alipasua, akautoa utumbo ulionaswa. Ulikuwa mweusi kama ini. Hakuukata. Aliufunika kwa vitambaa vya maji ya moto yenye chumvi, akasimama, mikono juu, akangoja aone kama damu itaurudia. Sajini naye alingoja, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Hapo pumzi ikakoma. Nikaondoa kikapu, nikasukuma taya mbele kwa vidole vyote, nikaita jina lake. Nililiita kwa sauti, mara mbili, tatu, jina ambalo sikuwahi kulitamka na ambalo hata hapa siliandiki. Kifua kikapanda. Bwana Mganga akafunua vitambaa, na ule utumbo ulikuwa unarudiwa na rangi, wekundu ukitambaa polepole kutoka pembeni, mpaka ukawa hai mbele ya macho yetu. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Alikaa hospitali majuma matatu. Mnyapara alipopata nafuu alimhudumia yeye, mimi sikukanyaga upande ule. Alipotoka alipitia njia ya nyuma ili tusikutane. Mtoto wetu Mele alizaliwa mzima, msichana mwenye makelele. Lakini mama mkwe alikuwa ameambiwa na wagonjwa wenzake kwamba watu huweweseka kwa klorofomu, na hofu ikamwingia. Alimtuma Matika aniulize alisema nini. Nilimjibu kwamba kilichosemwa mezani kimebaki mezani. Baada ya hapo tulipokutana njiani aligeuza uso kama zamani na kuniachia njia, ila kwanza alitua mzigo wake chini, hata kama ulikuwa mtungi uliojaa.

Baadaye nilitumwa Kilimatinde, kisha Kondoa, kisha vita vikaja tukabeba machela nyuma ya askari mpaka hatukujua tunamfungia nani vidonda. Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaingia, nikaitwa dresa, yaani mfunga vidonda, nikapewa kaptura badala ya kanzu. Mnyapara alikufa kwao Kondoa, nikaenda kumzika. Nimefundisha vijana wengi. Wengi wao wana elimu kunishinda, na dawa walizo nazo tungeziita miujiza. Sina wivu. Nikiwasikia wakisimuliana kilabuni ugonjwa wa fulani, hapo ndipo hasira hunipanda, nikainuka na kuondoka na pombe yangu.

Mama mkwe alifariki mwaka niliostaafu. Tulipomaliza matanga, Matika alikaa karibu nami nje ya tembe la baba yake, nywele amenyoa.

"Sasa amekufa," akasema. "Hakuna atakayeaibika. Niambie mama alisema nini siku ile."

"Hapana, mama Mele."

"Mimi ni mwanawe."

"Najua. Lakini hakukwambia wewe. Wala mimi hakuniambia. Nilikuwapo tu."

Alikasirika. Miaka zaidi ya ishirini tumelala kitanda kimoja, akasema, na bado nina chumba ambacho hana ufunguo wake. Alibaki kwa kaka yake majuma mawili, nami nikajipikia ugali mbichi na kujuta, na mara nyingine nilisimama mlangoni nikiwa tayari kwenda kumwambia yote ili arudi. Sikwenda.

Siku ya kumi na tano alirudi na kapu lake kichwani. Hakuniamkia. Aliingia, akafagia majivu niliyoyalundika, akawasha moto, akabandika chungu. Maji yalipoanza kuchemka ndipo akasema, bila kugeuka:

"Nikiugua mimi, ukae wewe kichwani."