Foronya ya Kola

Mtaa mzima ulimwita Kola, na mwenyewe hakulikataa jina hilo. Alikuwa dobi kwa miaka kumi na tisa, na hakuna kitu alichokichukia duniani kama shati la mtu anayejiona msafi. Mteja akishusha furushi kaunta, Kola huvuta shati moja kwa ncha za vidole viwili, hugeuza kola, huitazama, kisha humtazama mwenye nayo. Midomo yake ikishajikunja, mteja anajua amehukumiwa.

"Watu wananuka," humwambia mkewe jioni. "Wanajipaka marashi juu ya jasho la juzi. Ukiwaona barabarani utawasifu. Mimi nawajua kwa ndani."

Basi huyu mwenye kinyaa ndiye aliyeangukiwa na ugonjwa wa kinyaa. Dunia haina haya hata kidogo.

Kila mwaka, kuanzia mwezi uleule, kwa wiki sita au saba, kichwa kilimwamsha saa saba na nusu za usiku, bila kukosea hata dakika tano. Maumivu yalikaa nyuma ya jicho la kulia, kama mtu ameegesha pasi ya moto humo akaisahau. Jicho hilo moja lilivimba na kutiririka machozi, tundu moja la pua likamwaga kamasi, huku upande wa pili wa uso ukiwa mkavu kabisa. Hakuweza kulala wala kukaa. Alizunguka chumba, akagonga paji la uso ukutani, akaporomosha matusi ambayo mchana hakuwahi kuyatamka. Baada ya saa moja yote yaliisha, na kilichobaki ni foronya yenye doa la manjano upande mmoja. Doa lile lilimchoma kuliko maumivu yenyewe. Alfajiri aliifua mwenyewe, kwenye beseni la peke yake, kabla watu hawajaamka.

Alikuwa amehangaika vya kutosha. Vidonge vya dukani vilianza kufanya kazi wakati maumivu yameshajiondokea yenyewe. Daktari wa meno alimng'oa magego mawili, mazima, meupe, ambayo Kola alipewa ndani ya karatasi kama chenji. Zahanati moja walimwambia ni mafua. Mafua gani yanayotazama saa?

Mwaka huu mambo yalimfika shingoni. Binti yake wa miaka sita, ambaye godoro lake lilikuwa kando ya kitanda cha wazazi, aliamka akamkuta baba anagonga kichwa ukutani, uso umelowa. Alipiga yowe la kuamsha majirani. Asubuhi alikokota godoro lake hadi chumba cha bibi yake, mama mkwe wa Kola, aliyeishi nao kwenye nyumba ile ile nyuma ya duka la dobi. Mkewe akamfuata mtoto.

"Tutarudi ukilala usiku kumi bila kugonga ukuta," mkewe alisema. "Hesabu hiyo kaitoa mwanao, si mimi."

Mtoto aliinua vidole vyote kumi, baba yake avione vizuri.

Ndipo Kola akaenda kliniki mpya, moyo mzito. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Kola aliitazama kola yake kwanza. Ilikuwa safi hadi kwenye mshono wa ndani, kwa hiyo akamwamini.

"Jicho la upande huohuo linatoa machozi?" daktari aliuliza, kabla Kola hajasema lolote kuhusu machozi. Kola nusura amkumbatie.

Ugonjwa huo unajulikana, daktari alisema. Akampima moyo kwa mashine, akaridhika, akampa kichupa cha vidonge vyeupe, vitatu kwa siku. "Hivi si vya kutuliza. Ni vya kuzuia. Unameza kila siku, uumwe usiumwe, mpaka msimu wake upite. Ukingoja kichwa kikuamshe, umeshachelewa. Usivikatishe bila kuniona. Pombe uache."

"Sinywi. Inanuka."

"Vizuri. Na tumbo linaweza kufunga, presha nayo ikashuka."

Tumbo likafunga kweli, na Kola alikuwa na maneno yake juu ya jambo hilo ambayo hayaandikiki.

Nyumbani mama mkwe alikitazama kichupa. "Mkwe wangu, hivi vya nini?"

Kola alijiona akimsimulia mama wa mkewe habari za kamasi. Mwili ulimsisimka. "Dawa ya kichwa tu, Mama," akasema, akakiweka juu ya kabati la jikoni, mbali na mtoto.

Kumeza kwenyewe kulimtia kichefuchefu. Alitia mkono kichupani, akafumba macho, akagugumia maji, basi. Lakini wiki ya kwanza maumivu yalipungua, na ya pili hayakuja. Kila asubuhi binti alikuja, akaigeuza foronya kama alivyomwona baba yake akigeuza kola za watu, akainua kidole. "Haina doa. Moja." Ikafika tano. Ikafika tisa. Jioni ile ya tisa mkewe alikwishaanza kukunja nguo zake ili arudi chumbani.

Usiku wa kumi, saa saba na nusu, pasi ikarudi jichoni.

Asubuhi mtoto aliigeuza foronya, akaona doa. Midomo yake midogo ilijikunja vilevile kama ya baba yake, akatoka. Kola alikuwa amewafanyia watu hivyo miaka kumi na tisa, na hakujua kwamba kunauma.

Zikapita siku tatu nyingine za madoa. "Daktari huyu naye ni walewale," Kola alilalama akipiga pasi. "Kola safi, maneno machafu. Leo vidonge vyake navimwaga chooni."

Mchana wa siku ile kinyozi wa duka la jirani aliingia akijishikilia ukutani, uso umempauka, nywele za watu zimemganda kwenye aproni. Kola alirudi nyuma hatua moja.

"Jirani, dawa yako ya kichwa ni ya namna gani?" kinyozi aliuliza. "Mama mkwe wako kanipa viwili asubuhi. Nimemwangukia mteja kifuani na wembe mkononi! Mungu saidia nilikuwa nimeshamaliza shingo."

Kola aligeuka polepole. Mama mkwe alikuwa palepale, akipekua mifuko ya suruali za wateja kabla hazijaloweshwa.

"Mama?"

"Watu wanaumwa na dawa imo ndani, niwanyime?" alijibu bila wasiwasi. "Wiki nzima nawapa mshona viatu na yule mwalimu, na leo kinyozi. Lakini sikukudhulumu. Kila nilichotoa nimekirudishia. Nimenunua dukani, vyeupe vilevile, vya kichwa vilevile. Hakijapungua hata kimoja."

Kola alikimbilia jikoni, akarudi, akakimwaga kichupa juu ya meza ya pasi. Vingine vilikuwa na mstari katikati, vingine havina. Vingine vikubwa, vingine vidogo. Mtoto wa chekechea angevitenga. Yeye, aliyeweza kutofautisha doa la chai na la kahawa kwa mwanga wa mshumaa, alikuwa amemeza uchafu ule wote macho yamefumba.

Kinyaa kikampanda. Vidole vya watu ndani ya dawa yake! Akafungua mdomo amwambie mama mkwe neno ambalo lisingefulika.

"Kwani si ulisema ni dawa ya kichwa tu?" mama mkwe aliuliza.

Kinyaa kiligeuka, kikamrudia mwenyewe.

"Si ya kichwa tu, Mama," akasema, mbele ya kinyozi na mteja aliyekuwa ameingia na suruali mkononi. "Usiku jicho langu linatoa machozi, pua inamwaga kamasi, nagonga ukuta kama mwehu. Hivi vinazuia. Vinashusha na presha, ndiyo maana huyu kaanguka."

Mama mkwe alirudisha suruali kwenye furushi. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Miaka yote hii unafua foronya alfajiri, ulidhani sioni? Nilijua unalia. Nikasema, nimwachie mwanaume machozi yake."

Kola na kinyozi walikwenda kliniki pamoja. Kinyozi alipimwa, akalazwa kitandani mpaka presha ikapanda. Mshona viatu na mwalimu wakaitwa nao wapimwe. Kola alipimwa moyo upya, akapewa kichupa kingine na karipio la kutosha watu wawili. Tangu siku hiyo mama mkwe ndiye aliyempa kidonge, kimoja kimoja, kiganjani.

"Fumbua macho. Kina mstari?"

"Kina, Mama."

"Meza."

Alimeza akikunja uso, kila siku. Hesabu ikaanza upya, na safari hii mtoto hakuinua kidole mpaka ageuze foronya pande zote mbili. Asubuhi ya kumi aliinua vyote. Jioni godoro likarudi, na mama yake nyuma yake.

Godoro lilikaa sakafuni bure, maana mtoto alijipenyeza kitandani. Kola alipoamka kulikuwa kumeshapambazuka. Mtoto alikuwa amelala juu ya mto wake, mdomo wazi, mate yake yamechora ziwa zima kwenye foronya nyeupe. Kola aliutazama uchafu ule kwa karibu, macho yote mawili yakiwa makavu. Kisha akaenda kufungua duka, na foronya ile akaiacha kitandani mpaka jioni.