Nakato Alipojifunza Kuona

Siku yangu ya kwanza wodi ya macho, hapa Kampala, Sista Mkuu alinirushia swali hata sijafunga aproni: "Jicho linaona nini?"

"Kila kitu, Sista," nikajibu, kifua mbele.

"Thubutu! Jicho linapokea mwanga tu."

Akanifundisha palepale, na hadi leo nikikumbuka nasisimka. Mwanga huingia kwa konea, kile kioo cha mbele, ukapita kwenye mboni, tundu jeusi linalojibana juani na kutanuka gizani. Lenzi huukusanya na kuutupa kwenye retina, utando wa nyuma kabisa. Na picha huangukia pale kichwa chini miguu juu, wanangu! Mshipa wa fahamu huipeleka kwenye ubongo, na huko ndiko tunakoona. Nilidhani ananitania.

Nilikuwa nimeshakuwa muuguzi mzoefu alipoletwa Nakato, binti wa miaka kumi, aliyezaliwa na mtoto wa jicho, yaani lenzi zake zilikuwa na ukungu. Mama yake alikuwa fundi wa sigiri, yale majiko ya bati ya makaa, kule Katwe. Daktari Mkuu wa wodi akatoa lenzi zenye ukungu, akaweka za bandia. Siku ya kufungua bandeji, mama akasimama mbele ya mwanawe.

Nakato akamkodolea macho tu.

"Musawo," mama akaniambia kwa kilio, kama Waganda wanavyomwita muuguzi, "mutoto yangu bado haoni! Hata mimi hanijui!"

Nakato akashtuka. "Maama, uko wapi?" Na huku anamtazama usoni!

Daktari Mkuu akatabasamu. "Jicho limepona, mama. Ubongo ndio haujaanza shule. Nakato, funga macho, umguse."

Akampapasa pua, mashavu, kovu la moto kidevuni. Kisha akafumbua macho taratibu.

"Kumbe maama ni hii!"

Nilipiga vigelegele wodini, na Daktari Mkuu hakunikemea.

Sasa nimestaafu, nakaa Mbuya, na macho yangu yenyewe yanadai miwani. Wauguzi vijana wana mashine nzuri kuliko zetu, nami nawaonea wivu, siwafichi. Ila nawaambia: ukifungua bandeji, usikimbilie mgonjwa mwingine. Kuona ni kazi ya kujifunza, na haba na haba hujaza kibaba.

Juzi nilikwenda Katwe kununua sigiri. Nyundo zilikuwa zinalia, hata ukiita husikiki. Ng'ambo ya barabara mwanamke mwenye miwani mizito akainua kichwa, akatupa nyundo, akaja mbio mikono wazi.

"Musawo wangu!" Alikuwa Nakato, fundi kama mama yake.

Nami nilikuwa sijafungua mdomo; alinijua kwa macho tu.