Supu ya Ghorofa ya Nne

Wenzake walimwita Kijiko, kwa sababu katika miaka kumi na tisa aliyopika hotelini hakuna aliyewahi kumwona bila kijiko cha chai kwenye mfuko wa kifuani. Alionja kila kitu. Alionja mchuzi kabla na baada ya kuchemka, alionja siagi iliyofunguliwa jana, alionja hata maji yaliyochemshiwa viazi. Wapishi wa jiko kubwa, lile linalolisha ukumbi wa chini, walimtania kwamba mkewe alipojifungua, yeye alionja uji kwanza ndipo akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Alicheka nao, kisha akarudi kwenye sufuria zake.

Jiko lake lilikuwa dogo, limejibana nyuma ya lile kubwa: majiko manne ya gesi, meza ya chuma, simu ya ukutani na dirisha la kupitishia trei. Hapo ndipo zilipopikwa oda za vyumbani. Chakula kile kile cha ukumbini kilipanda ghorofani kwa bei mara mbili na zaidi, na juu yake ikawekwa tozo ya huduma. Bei ya sahani moja ya kuku na viazi ya chumbani ingelisha nyumba yake siku tatu, na watu wake si walaji wadogo. Wengine walisema anayelipa hivyo amejitakia mwenyewe. Kijiko hakuona hivyo. Aliona aibu mtu atoe pesa yote hiyo, halafu aletewe yai gumu kama soli ya kiatu.

Maana chakula cha chumbani kina adui wake, nayo ni safari. Kutoka pale dirishani hadi ghorofa ya juu, kwa lifti ya mizigo isimamayo kila mahali, ni dakika kumi na mbili, hapo mambo yakiwa mazuri. Njiani yai linaendelea kuiva chini ya kifuniko, chipsi zinalowa kwa jasho lao wenyewe, mkate uliochomwa unageuka mpira. Kijiko alipika huku akiihesabu safari hiyo. Yai alilitoa motoni likingali linatetemeka. Chipsi hakuzifunika kamwe. Mchuzi aliutenga kwenye kibakuli chake, na sahani alizipasha moto kabla ya kupakua. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kuzitazama sahani zinavyorudi.

Halafu akaugua mafua. Mafua ya kawaida tu, siku tisa za homa na kikohozi, mkewe akimpikia uji. Siku ya kumi aliamka mzima, akanywa chai, akadhani mkewe amesahau majani na sukari. Alikwenda kazini akaonja supu ya kuku. Ilikuwa ya moto na ilikuwa majimaji. Zaidi ya hapo hakusikia kitu. Alinusa kitunguu kilichokuwa kikikaangwa, akakaribia mpaka mvuke ukamchoma pua, na bado ilikuwa kama kunusa ukuta.

Daktari wa zahanati alimwambia avute subira, wengi hurudiwa baada ya wiki chache. Akavuta subira mwezi, miwili, mitano. Alipokwenda tena, daktari hakumtazama usoni. Alisema huenda mishipa imekufa, na kwamba ashukuru Mungu kwa afya nyingine aliyo nayo.

Hakumwambia mtu. Kazini alianza kupika kwa macho na saa. Chumvi aliipima kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, nyama aliipima kwa dakika, kitunguu kwa rangi. Kila sufuria ilipokaribia kuiva, alimwita mwanamke aliyekuwa akikata mboga jikoni mle, ambaye wote walimwita Dada wa Mboga, akamwambia aangalie chumvi kwa sababu yeye leo amekula pilipili. Kesho yake meno yalimuuma. Keshokutwa alikuwa amefunga. Wiki ya tatu Dada wa Mboga hakungoja sababu. Alifuta mikono kwenye aproni, akaonja, akasema, "Bado kidogo," au "Imefika," kisha akarudi kwenye karoti zake. Hawakulizungumza jambo lile hata siku moja.

Nyumbani alijikaza kisabuni. Alikula akisifu, akaomba aongezwe, ingawa kula kwake kulikuwa kama kujaza gunia. Jioni moja mkewe aliketi mkabala naye, akamtazama mpaka akamaliza sahani ya maharage.

"Yalikuwaje?" mkewe akauliza.

"Matamu sana, mama watoto. Leo umejishinda."

"Sikutia chumvi," mkewe akasema taratibu. "Sikutia chumvi, sikutia kitunguu, sikutia chochote. Ni wiki ya pili hii nakujaribu, baba watoto. Tangu lini?"

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ule. Mkewe alimsihi aseme ukweli kazini kabla ukweli haujajisema wenyewe. Yeye akajibu kwamba hana ufundi mwingine duniani, na kwamba mpishi asiyeonja hana tofauti na dereva kipofu. Nani atamwachia gari?

Wakati huo ghorofa ya nne alikuwa amefikia mama mmoja mzee, aliyeletwa na mwanawe kutibiwa hospitali ya ng'ambo ya barabara. Dawa zilikuwa zimemkatisha hamu ya kula, na hata kunusa hakunusa vizuri. Mwanawe aliagiza hiki na kile, vyote vikarudi vimeguswa tu. Siku moja Kijiko alimpelekea supu nyepesi ya kuku, iliyochujwa mara mbili, na bakuli likarudi tupu. Kesho yake simu ya jikoni ililia, na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akiongea.

"Wewe mwanangu unayepika," alisema, "nani alikulea? Mwambie nimekula. Siku nyingi sijala."

Tangu hapo supu ikawa ya kila adhuhuri. Kijiko aliipika kwa kipimo, Dada wa Mboga akaonja, bakuli likapanda limejaa na kushuka limekwisha. Nusu ya mwaka alikuwa akijiona mwizi mle jikoni. Sasa alianza kujiambia kwamba labda mikono ina kumbukumbu yake, labda atafika kustaafu hivi hivi, polepole.

Jumatatu moja Dada wa Mboga hakuja, mtoto wake alikuwa amelazwa. Kijiko alitoa kwenye chumba cha baridi ile ndoo ya supu ya mifupa ya kuku aliyoiandaa Jumamosi. Hakujua kwamba Jumapili umeme wa chumba kile ulikatika kutwa nzima na fundi akaja jioni. Mtu mwingine yeyote angekifungua kifuniko na kurudi nyuma hatua mbili. Yeye aliitazama rangi, akaona iko sawa, akaichemsha, akapima chumvi. Mabakuli mawili yalipanda yakiwa yamefunikwa: moja ghorofa ya nne, lingine ghorofa ya sita kwa mfanyabiashara mmoja.

La ghorofa ya sita lilirudi baada ya nusu saa, na meneja akiwa nyuma yake. Meneja hakuwa mtu wa kufoka. Aliliweka bakuli juu ya meza ya chuma, wapishi wa jiko kubwa wakasogea mlangoni kutazama.

"Onja," alisema.

Kijiko alitoa kijiko chake. Alichota, akameza, akachota tena. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja akitafuta dalili yoyote usoni mwao, wakainamisha macho. Mmoja aliziba pua kwa kiganja, lakini Kijiko alidhani anajikuna.

"Iko sawa," alisema. "Labda chumvi imepungua kidogo."

Hakuna aliyecheka. Meneja akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mgonjwa, "Kaka, hii supu imeoza. Inanuka mpaka koridoni."

Kijiko alikiweka kijiko mezani. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa kazi wala mshahara. Aligeuka akauliza bakuli la ghorofa ya nne liko wapi. Mhudumu akalileta kutoka kwenye toroli. Lilikuwa tupu. Mama alikuwa amekula yote.

Hawakumfukuza. Meneja alisema miaka kumi na tisa si mchezo na kwamba ana familia. Akamhamishia kwenye chumba cha kuoshea vyombo, kwa mshahara wa mwosha vyombo. Kijiko alishukuru, tena zaidi ya mara moja, na baadaye alijichukia kwa shukrani zile kuliko alivyojichukia kwa kosa lenyewe. Kuhusu mama mzee aliambiwa tu kwamba alitapika usiku kucha, kwamba ni mambo ya dawa zake, na kwamba hotelini hakuna anayetaka neno hilo litoke nje.

Mpishi mpya wa vyumbani alitoka jiko kubwa. Alikuwa mwepesi wa mikono na hakuwa na habari na safari. Kijiko alimweleza kuhusu yai na kifuniko, naye akaitikia, "Sawa, mzee," akaendelea na yake. Supu sasa ilitoka kwenye pakiti. Mwezi huo huo ikaja menyu mpya yenye picha, na bei zikapanda tena. Pale kwenye sinki, mikono ikiwa ndani ya povu, Kijiko aliziona sahani zikirudi: omleti iliyoumwa mara moja na kukunjwa, chipsi zilizolegea kama kamba, mkate ambao mtu aliuvunja akauacha. Alikuwa akivimwaga kwenye pipa siku nzima, chakula cha thamani ya mshahara wake wa mwezi, na hata uvundo wa pipa lile haukumfikia. Wenzake walisema ana bahati.

Mchana alitumwa kupanda kukusanya trei zilizoachwa nje ya milango. Wiki ya tatu, ghorofa ya nne, mlango ulifunguliwa akiwa ameinama, na mwana wa yule mama akatoka. Alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu, shati halijapigwa pasi. Alimwona Kijiko na trei mikononi, akaanza kulalamika, si kwa hasira, ila kwa uchovu wa mtu aliyekosa wa kumwambia. Alisema bakuli moja sasa linauzwa bei ya kitanda cha usiku mmoja, na ni maji ya chumvi. Mama yake hagusi. Amerudi kuishi kwa vipande vya mkate.

"Kuna mpishi alikuwapo," alisema. "Mama alikuwa anakula chakula chake tu. Alienda wapi?"

Kijiko aliinamia trei. "Aliacha kazi," akajibu.

"Ukimwona, mwambie mama anamuulizia kila siku. Anasema siku ile alipougua alimtia mpishi hasara bure, akatapika supu nzuri. Anataka kumwomba radhi."

Kijiko aliitikia kwa kichwa. Alishuka ngazi badala ya lifti, bakuli limejaa, juu yake pamefanya utando.

Siku tatu hakulala sawasawa. Mkewe alipomwuliza, akamweleza yote, na mkewe akamwambia mama yule asiachwe akaondoka na kosa ambalo si lake. Apande, abishe hodi, aseme. Ijumaa alipiga moyo konde. Alivua aproni iliyolowa, akanawa uso, akapanda.

Mlango ulikuwa wazi. Mtandika vitanda alikuwa anavua shuka, dirisha limefunguliwa, godoro limeegemezwa ukutani. Kijiko aliuliza. Mtandika vitanda alisema walimchukua mama alfajiri kwa machela, na mwanawe alirudi mara moja tu kubeba mikoba. Kama aliwaambia wa mapokezi neno lolote, yeye hakulisikia.

"Ulikuwa unamjua?" akauliza.

"Hapana," Kijiko akasema.

Alisimama pale kizingitini hadi mtandika vitanda akamwomba apishe njia. Kisha akashuka, maana ilishakuwa saa saba, na trei za mchana zilikuwa zimeanza kurudi.