Picha ya Gisenyi na Picha ya Goma

Munyaneza alikuwa mtu wa kupotea akiwa amekaa. Ungemkuta mbele ya kompyuta, vidole viko juu ya herufi, macho yako wazi, na mwenyewe hayupo. Mkewe, Mukandori, alikwisha kumzoea. Alimwekea kikombe cha chai karibu na kiwiko, akaondoka zake. Siku za ukungu ndizo zilizomchukua mbali zaidi, zile asubuhi ambazo ziwa na mbingu vinakuwa rangi moja na mtumbwi unaotoka kijiji cha Rubona unaonekana kama unaelea hewani.

Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wake walikuwa wakimbizi. Alipoingia Gisenyi, mji wa mpakani kando ya ziwa, alikuwa kijana mwenye kamera ya kuazima na Kiswahili ambacho watu wa sokoni walikicheka kwa sababu kilinyooka mno. Alifungua studio ya picha nyuma ya soko. Kwenye ukuta wa ndani alitundika pazia lililochorwa bustani yenye ngazi nyeupe zinazopanda mpaka zinamezwa na miti. Maharusi walisimama mbele ya bustani hiyo, na askari waliokuwa likizo, na akina mama waliovalisha watoto soksi za kuazimana. Jioni, akizima taa, Munyaneza alipenda kufikiri kwamba watu wote wa siku ile sasa wanapanda zile ngazi, polepole, wakiwa bado na nguo zao za picha.

Kisha simu zikaanza kupiga picha na studio ikapoa. Alinunua kompyuta ili achape picha za vitambulisho. Nyumba moja ya wageni huko Rubona ikamwomba aitengenezee tovuti, naye akaona aibu kusema hajui. Alijifunza PHP, lugha ya kuandikia tovuti, kwa video zilizokatika katikati ya sentensi kila mtandao ulipoyumba, na sehemu iliyokatika aliimalizia kichwani mwake mwenyewe. Mara nyingi aliimalizia vibaya, lakini tovuti ya Rubona ilisimama, na baada yake nyingine.

Kazi aliyoipenda kuliko zote hakuagizwa na mtu. Ilikuwa yale makasha ya filamu za zamani yaliyojaa chini ya kitanda. Kila filamu ilikuwa kwenye bahasha yake, na juu ya bahasha limeandikwa kwa penseli jina la mwenyewe. Alitaka kutengeneza tovuti ambako mtu yeyote angeweza kuandika jina lake na kujiona alivyokuwa. Akaandika klasi, ule mfano unaoieleza programu kitu fulani ni nini na kinaweza kufanya nini. Akaiita Picha.

Ng'ambo ya mpaka, katika mtaa wa Birere mjini Goma, alikuwa na rafiki wa kazi, Habib. Waliazimana karatasi na dawa za kusafishia filamu miaka mingi. Volkano ilipolipuka mwaka 2002, uji wa moto uliipitia studio ya Habib, naye akatoka na sanduku moja tu la filamu alizozikumba kwa mikono. Bahasha zilibaki ndani, na majina yote yakabaki nazo. Hakufungua studio tena. Baada ya kifo chake, binti yake wa mwisho, Saidati, aliyekuwa amesomea kompyuta Goma, alizisafisha filamu zile moja moja na kuziingiza kwenye mashine. Siku moja alivuka mpaka na umati wa wachuuzi wa asubuhi, diski imo ndani ya mkoba, akaja kugonga mlango wa Munyaneza.

“Tonton, nilisikia muko mnatengeneza nyumba ya picha,” alisema, akimwita mjomba kwa Kifaransa. “Nimeleta za Papa.”

Munyaneza alimpa kiti, akampa na meza ya pili, ile iliyokuwa ya kukatia picha. Saidati alikuwa ameshaandika programu yake kwa ajili ya picha za baba yake, na klasi yake nayo aliiita Picha. Angeiita nini tena? Siku waliyoweka mafaili yote pamoja, programu iligoma. Ilisema haiwezi kuitangaza klasi Picha kwa kuwa jina hilo limeshachukuliwa.

Saidati alikuwa amekwenda kuswali. Munyaneza, akitaka kazi iende, alifungua faili lake na kubadilisha jina: Picha ya Saidati ikawa PichaYaNgambo. Programu ikatulia. Naye pia akatulia, akatazama dirishani.

Saidati aliporudi, alisoma skrini akiwa amesimama.

“Ni nani alibadilisha jina ya klasi yangu?”

“Ni mimi. Programu ilikuwa inakataa.”

“Na ya kwenu haikubadilika.”

“Ya kwangu ilitangulia.”

“Bon. Papa alifungua studio kabla yenu, Tonton. Yeye ndiye alikuuzia lenzi ya kwanza.” Hakupaza sauti. “Na hiyo ng'ambo ni ng'ambo ya nani? Mi nikiwa kwetu, ng'ambo ni hapa.”

Munyaneza aliinuka kwenye kiti. Alisogea ili msichana akae mbele ya kompyuta.

Saidati alirudisha jina lake. Kisha, juu kabisa ya faili la Munyaneza, kabla ya kitu kingine chochote, akaandika `namespace Gisenyi;` na juu ya faili lake akaandika `namespace Goma;`. Munyaneza alikuwa amekutana na neno hilo kwenye video mara nyingi na kila mara aliliruka, akidhani ni mambo ya makampuni makubwa.

“Sasa kila faili inasema kwao ni wapi,” Saidati alimweleza. “Kila moja inabaki Picha tu. Ukitaka ya kwenu, unasema Gisenyi, unaweka mkwaju wa kinyume, hii alama \, unasema Picha. Ukitaka ya kwetu, Goma na Picha.”

“Na hazigombani?”

“Zitagombana juu ya nini? Sokoni mwenu iko wewe, Munyaneza wa picha, na iko Munyaneza wa viatu. Kuna siku mulipigana?”

Munyaneza akacheka. Alijaribu, na kweli, Picha mbili zikakaa ndani ya programu moja kila moja na jina lake kamili. Mchana ule walikula viazi vya Kanama na maharage, na Mukandori akamwongezea Saidati sahani bila kumuuliza.

Walipoziweka klasi zile bega kwa bega, waliona kwamba nusu ya mistari yake inafanana. Saidati alishauri waandike klasi ya tatu, mzazi, ili yale yanayofanana yakae huko na zile mbili ziyarithi. Munyaneza aliomba aiandike yeye. Nayo aliiita Picha, akaiweka kwenye folda na namespace aliyoiita Asili, na kwa siku kadhaa alizunguka nayo kichwani, hata akitembea kando ya ziwa jioni, wakati mawingu juu ya volkano ya Nyiragongo yanaposhika wekundu kwa chini. Mzazi huyu mwenyewe hakuwa picha ya mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kusema tu kila picha inapaswa kuwa na nini. Munyaneza aliandika: sura, mwaka, mahali, jina. Kwenye jina alikaza. Aliagiza kwamba kila klasi itakayorithi ni lazima iwe na jibu lake kwa swali `jina()`, na isiyojibu isikubaliwe.

Alipounganisha klasi yake mwenyewe na mzazi huyo kwa neno `extends`, programu ilimjibu kwamba Gisenyi\Asili\Picha haionekani. Alishangaa. Yeye aliandika Asili\Picha tu, bila Gisenyi.

Saidati alichungulia. “Umesahau mkwaju wa kuanzia. Ukisema Asili tu, inamutafuta mzazi ndani ya nyumba ya mtoto. Anzia nje, pale juu kabisa.”

Munyaneza akaweka mkwaju huo mwanzoni, `\Asili\Picha`, na picha za Gisenyi zikafunguka zote, bustani na ngazi nyeupe, kila sura na jina lake chini. Munyaneza alizitazama kwa raha ya mtu anayeona nguo zimekauka vizuri kambani.

Ikaja zamu ya Goma. Programu ilikataa. Ilisema klasi hii haijajibu `jina()`.

Saidati aliusoma ujumbe tena. Halafu akaandika jibu, neno moja, litumike kwa picha zote: Hajulikani. Programu ikakubali mara moja. Ukurasa ukafunguka, sura baada ya sura, na chini ya kila mmoja, Hajulikani, Hajulikani, Hajulikani, mpaka chini kabisa.

Msichana alichukua mkoba wake. “Mi nivuke mapema, foleni isinikute,” akasema. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha na ziwa limefutika. Mukandori alikuja na chai, na safari hii hakuondoka. Alisimama nyuma ya mumewe akisoma, midomo ikitikisika. Wakiwa wawili walizungumza Kinyarwanda, na alimuuliza kwa sauti ya chini:

“Hawa walipotea lini?”

“Hawakupotea. Ni wateja wa Habib.”

“Mbona umewatangaza kama watu wanaotafutwa?”

Mkewe alipotoka, Munyaneza aliteremka ule ukurasa upya. Palikuwa na mwanamke mwenye mtoto anayetazama pembeni. Palikuwa na vijana wawili wameshikilia redio moja, kila mmoja kwa mkono mmoja. Palikuwa na mzee aliyevua kofia na kuishika kifuani kama anasalimia mtu mkubwa. Mvua iliendelea, na Munyaneza akapotea kama kawaida yake. Aliwaona wamesimama kwenye foleni nje ya studio yake ya zamani, wote, mpaka barabarani, na yeye yuko mlangoni anauliza majina. Anayetaja anapita. Asiyetaja anaambiwa asimame kando. Upande wa kando ulikuwa umejaa watu waliovaa vizuri, wamelowa.

Alirudi kwenye meza yake na chai imepoa. Katika miaka yake yote hakuwahi kumuuliza mtu jina kabla ya kumpiga picha. Mtu alikaa, alijitengeneza kola, taa ikawaka, picha ikapatikana. Jina aliuliza baadaye, mtu akiwa anafunga viatu, ili tu ajue aandike nini kwenye bahasha.

Akafungua faili la mzazi, akaufuta mstari wa `jina()`. Akaushusha kwenye klasi ya Gisenyi peke yake, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na bahasha. Kurasa zikavunjika hapa na pale, maana mahali pengi aliandika programu ikaulize jina la kila picha bila kujali imetoka wapi. Alizitengeneza mpaka mvua ilipokatika. Mwaka na mahali navyo alivishusha Gisenyi, na kwa mzazi aliacha sura, na agizo moja tu, `onyesha()`, kwamba kila picha ijue kujionyesha. Namna ya kujionyesha, kila mtoto aamue kwao.

Alimpigia Saidati simu. “Nimemrekebisha mzazi,” alisema. “Njoo uangalie kama yuko sawa.”

Saidati alikuja siku iliyofuata, akasoma faili lote bila kukaa.

“Tonton, nilikuwa na hasira.”

“Najua.”

“Haikuwa hasira ya klasi.”

“Hilo nalo najua, mwanangu.”

Saidati akaketi. Alilifungua faili la Goma, akaliondoa lile neno Hajulikani, na kwenye `onyesha()` yake akaandika kitu ambacho Gisenyi haikuwa nacho: chini ya kila sura, nafasi tupu ambayo yeyote anayemtambua mtu anaweza kuandika.

Tovuti ilifunguliwa bila sherehe. Watu wa Gisenyi walikuja kutafuta majina yao, wakacheka nywele zao za zamani. Upande wa Goma ulikaa kimya wiki nzima. Kisha yakaanza kuingia maneno, na mengi hayakuwa majina. Mmoja aliandika kwamba mzee mwenye kofia alikuwa akiuza mkaa karibu na kwao na alikuwa hapendi mbwa. Mwingine aliandika kwamba hamjui kijana huyu, ila analijua koti alilovaa. Lilikuwa koti la studio, Habib alimvalisha kila aliyekuja bila koti, na mwandishi mwenyewe alilivaa siku ya picha ya ndoa yake, mikono ikampita vidole.

Saidati aliyasoma maneno hayo kwa sauti, kisha akaanza kulitafuta lile koti kwenye picha nyingine. Lilikuwa kwa wanaume wembamba, kwa wanene walioshindwa kulifunga, kwa mvulana aliyeonekana amemezwa nalo. Alimwita Munyaneza, akamwita na Mukandori, wakasogeza viti. Walikaa hapo mchana kutwa wakilihesabu na kupoteza hesabu, na mara mbili Saidati alitoa leso.

Siku hizi yuko mama mmoja, Nyirabagenzi, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, kutoka Rubona, ambaye hupita kila akimaliza kuuza. Hakuwahi kupigwa picha kwa Habib wala kwa Munyaneza. Huketi mbele ya kompyuta, beseni tupu miguuni, na kuomba afunguliwe upande wa Goma. Anatazama watu asiowajua, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Munyaneza aliwahi kumuuliza anamtafuta nani.

“Simutafute mutu,” alijibu. “Ninawasalimia tu.”

Na mwezi uliopita mpiga picha mmoja wa Bukavu alituma ujumbe kwamba ana magunia mawili ya filamu, nyingine zimeliwa na panya, na anauliza kama iko nafasi. Saidati ameshafungua folda. Ameandika mstari wa juu na ule wa kurithi, lakini ndani bado hakuna kitu, wanasubiri huyo bwana aje awaambie picha za kwao zinapenda kujionyesha vipi. Munyaneza yuko dirishani. Chai yake iko karibu na kiwiko, na nje ukungu umeshuka tena juu ya maji.