Nilichoma Kaseti za Akinyi, Nikamsingizia Rafiki Yake

Nilikosa mimi. Si shetani, si umaskini, si jirani. Mikono yangu ilichoma na mdomo wangu ukadanganya. Jina langu nawaomba mlifiche, naona haya. Majina ya wengine nitayataja, maana hao hawana kosa, na mimi jina la mtu halinipotei.

Miaka ya themanini nilikuwa nakaanga samaki ufuo wa Dunga, mjane wa watoto wawili. Akinyi, kifungua mimba wangu, akaitwa yunivasiti. Wanawake wa ufuoni wakaniuliza, "Anasomea udaktari?" Nikasema hapana, anasomea mawasiliano, namna ya kuzungumza mbele ya watu. Yawa! Walivyocheka!

"Kwani kuongea kunasomewa?" Consolata, jirani yangu, akasema huku anapasua samaki wa mbuta. "Serikali inamlisha mtoto wako ili afundishwe kufungua mdomo? Si angekuja kwangu, nimfundishe bure!"

Nilicheka nao. Sikujua nimtetee vipi. Mimi niliachia darasa la tatu.

Mwaka wake wa mwisho akarudi na redio ya kurekodi. Akaniambia, "Mama, nataka kuandika jinsi watu wetu wanavyosema matangani. Darasani tunasoma maneno ya Wazungu wa zamani, na hapo Katito kuna mzee anawafanya watu walie, wacheke, wasameheane, na hana hata karatasi mkononi."

Siku hiyo ndiyo nilielewa kidogo. Nikampeleka mwenyewe. Miezi mitatu tulizunguka matanga ya watu. Mzee Ogola wa Katito, aliyepatanisha ndugu wawili mbele ya jeneza la baba yao. Perpetua Awuor, aliyemgombeza maiti kama mtu aliye hai: "Amka basi unijibu!" Mwalimu Zakaria Onditi. Bibi mmoja kipofu, aliyeitwa Mama Apiyo. Wote waliingia kwenye kaseti kumi na moja, Akinyi akazipanga ndani ya sanduku la viatu chini ya kitanda.

Kisha Okoth, mdogo wake, akashikwa na homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Siku hizo tulikuwa na mgeni, Margaret Adhiambo, msichana wa darasa moja na Akinyi, rafiki yake wa chakula na nguo. Walikuwa chumbani wanasikiliza kaseti Consolata alipoingia kumwona mgonjwa. Akasikia kilio. Akasimama mlangoni.

"Mama Akinyi, unafuga kilio cha wafu wa watu kwenye nyumba yenye mgonjwa? Unaita msiba, nao utakuja!"

Ee, maneno hayo yaliniingia! Nimekua nikijua kilio kina boma lake na siku yake, hakibebwi kama kuni ukaenda nacho kwako. Na mimi ndiye nilikuwa nimesaidia kukibeba!

Asubuhi yake Margaret akaaga aende kwao. Akinyi akamsindikiza mpaka stendi. Hawajafika barabarani, nimeshavuta lile sanduku. Nikazitia zote motoni chini ya karai. Samaki wa siku hiyo walinuka plastiki, nikawamwagia mbwa.

Kesho yake Okoth akaomba uji. Nikasema, mnaona! Kumbe ni sindano za malaria, alikuwa amedungwa siku tatu mfululizo. Mjinga mimi!

Lakini kuchoma ni kosa dogo. Subirini.

Akinyi aliporudi kutoka stendi alipindua nyumba nzima. "Mama, kaseti ziko wapi? Mama, hiyo ndiyo digrii yangu!" Hapo ndipo ningesema. Hapo! Angenipigia kelele, yangeisha. Niliogopa macho yake. Nikamwambia, "Margaret si alitoka na begi kubwa? Hukuona?"

Maneno hayo tu. Yalitosha.

Akinyi alimwita mwenzake mwizi mbele ya darasa zima. Margaret akahojiwa, hakupatikana na kitu, lakini mpaka anamaliza masomo wanafunzi walimwita "Kaseti". Akinyi aliambiwa anaweza kuanza upya. Aanze na nani? Mzee Ogola alikuwa ameshakufa. Akaacha. Akaenda Muhoroni kuandika namba za malori ya miwa, mtoto wangu, aliyekuwa akisema watu wanatega masikio!

Aliolewa huko huko na mtu wa Katito. Miaka ya tisini kifua kikamchukua, akaniachia mjukuu, Apondi. Siku tunamzika kwa mume wake, Margaret akaja. Hakuna aliyemwita. Akaomba kusema.

"Huyu nilimpenda. Ameondoka akijua mimi ni mwizi. Naapa mbele ya jeneza lake, sikuchukua." Akanigeukia, akasema kwa upole kabisa, "Mama, siku ile wewe ulikuwa nyumbani. Sema tu unachokijua."

Nikasimama. Macho yote kwangu. Nikasema, "Jua linakwenda. Tuzike."

Mungu wangu! Nilisema hivyo!

Tangu siku hiyo Margaret sijamwona, na magoti yangu hayanifikishi hata sokoni nikamtafute. Apondi ananiuliza mama yake aliachaje yunivasiti. Namwambia aliugua. Mpaka leo nadanganya!

Margaret Adhiambo, kama unasoma, hukuiba. Ni mimi. Sitaki unisamehe, nataka watu wajue.

Nanyi wazazi, kitu cha mtoto msichokielewa, muulizeni. Kama umeshakiharibu, mwambie siku hiyo hiyo. Acha akutukane, acha asikusemeshe mwaka mzima. Mimi nilingoja apoe kwanza, ndipo nimwambie. Akapoa kweli, nikamsaidia mume wake kumvisha nguo za kuzikiwa.